Mchezo wa Kulala Chini

Ruiru, Jumapili, jua bado liko juu ya shamba la kahawa

Wekesa,

Uko hapo nje tu, nakusikia ukimchokoza dada yako Nafula, na mimi niko ndani nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo. Usicheke. Kuna maneno nikiyasema kwa mdomo yatanishinda. Nitaanza kulia, baba yako atasema nakuletea mkosi siku ya safari, na mwisho nitakuuliza tu kama umekula. Kwa hiyo naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Baba yako na Kibukusu chake, mimi na Kikuyu changu, bila Kiswahili tungeishi miaka yote hii tukionyeshana vidole.

Sitakuambia habari ya blanketi, wala sabuni, wala kuchemsha maji. Hayo Nafula amekuimbia tangu juzi mpaka na mimi nimechoka. Kipande chako cha utambulisho kiko ndani ya Biblia, umekiona. Ninalotaka kukuambia ni jingine, na tangu yule bwana wa serikali alete habari kutoka Nakuru kwamba wanakutaka kwenye timu yao, kazi ya stoo mchana na mbio jioni, sijalala vizuri hata mara moja. Baba yako anadhani ni mgongo. Mgongo wangu hauna neno.

Unakumbuka wiki jana pale hotelini kwa Mzee Ndegwa, karibu na stesheni? Nilikuwa nimekaa mlangoni na sufuria yangu ya uji kama kawaida, na wanaume wamezunguka ile redio wakibishana. Huyu anasema mchezo mkubwa kuliko yote ni bao alilofungwa kipa wa Nairobi kutoka katikati ya uwanja. Yule anasema hapana, ni wale vijana wetu waliovuka bahari wakaenda kushindana na wazungu, wengine bila viatu. Baba yako naye, wacha we, akasimama kabisa. Akasema mchezo ni mieleka na vita vya mafahali, basi. Akasimulia tena lile fahali la kwao lililopigana tangu umande mpaka jua la utosi, likashinda, likaanguka likafa kwa uchovu. "Hiyo ndiyo michezo! Mpira ni watu kufukuza ngozi. Na mbio? Mbio ni kazi ya mwizi." Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee Ndegwa akamuuliza, "Na kijana wako je?" Baba yako akasema, "Huyo ni mwizi mwenye barua ya serikali."

Halafu wewe ukanigeukia mbele yao wote. "Na wewe mami, mchezo mkubwa kuliko yote uliyowahi kuona ni upi?" Wanaume wakacheka, ati unamuuliza muuza uji. Nikakujibu, "Mimi sijui mambo ya michezo, kunywa uji wako." Nilikudanganya, baba. Najua mchezo mkubwa kuliko yote niliouona. Najua na mwingine ambao hakuna mtu pale angekubali kuuita mchezo, na ni mimi niliyeutunga. Nitakuambia yote miwili, kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi.

Nianze na mjomba wako Kamau. Ulikuwa mdogo lakini unamkumbuka, alikuwa akikubeba mabegani na kupita nawe kwenye mistari ya mikahawa mpaka nyapara anafoka. Hiyo miguu yako si ya baba yako, hata akijisifu vipi. Miguu ya baba yako ni ya kusimama. Hiyo ni ya Kamau. Alikuwa akifanya kazi kwenye mkonge kule Thika, na lori la wafanyakazi lilikuwa likipita hapa barabarani alfajiri. Asubuhi hiyo alipitia hapa kwetu, akanywa uji. Uji ulikuwa moto, nikamwambia asubiri upoe, asiondoke na njaa. Tukasikia lori. Akatoka mbio, huku anacheka, mkono juu akimpungia dereva asimwache. Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari ilipokuwa mbaya kabisa, na wale askari wazungu wachanga tuliowaita majoni walikuwa wamekaa pembeni ya barabara. Waliona Mkikuyu anakimbia, na kwao kila Mkikuyu alikuwa muasi. Wakapiga kelele kwa lugha yao. Kamau hakuelewa, au hakusikia kwa sababu ya lori. Bunduki ikalia.

Watu walisema baadaye, "Mbona alikimbia?" Hata kanisani walisema. Ngai! Kamau hakuwa anamkimbia mtu, Wekesa. Alikuwa anakimbilia kazi.

Basi siku ile ile tulipomzika nilikuja nyumbani nikakutazama. Ulikuwa unatoka kisimani na kidumu cha maji, na hukuwa unatembea. Wewe hukuwahi kutembea. Tangu ulipojua kusimama ulikuwa ukitumwa chumvi unarudi kabla sijamaliza kusema. Zamani nilikuwa nafurahia. Siku hiyo nilikupiga. Nilikupiga vibaya, na hukujua kwa nini, nami sikukuambia. Nilisema tu, "Katika nyumba hii hakuna kukimbia tena!" Ulikaa siku nyingi ukinyata kama paka, na ukisahau nakupiga tena. Mpaka siku moja nikaona umeanza kuniogopa mimi kuliko unavyoiogopa bunduki, nikajua njia hiyo si yenyewe.

Ndipo nikatunga mchezo. Unaukumbuka, najua, ila sidhani uliwahi kujua ulitoka wapi. Nilichukua debe kuukuu na mwiko. Nikawaita wewe na Nafula na watoto wa jirani hapa kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi. Nikawaambia: debe likilia, kila mtu alale chini pale pale alipo, uso kwenye udongo, mikono juu ya kichwa. Wa kwanza kulala na wa mwisho kutikisika ndiye mshindi. Na hakuna kuinuka mpaka mimi, mimi mwenyewe, niseme: "Haya, inuka." Mshindi anapata kipande cha sukari guru.

Nyinyi mliupenda mchezo ule! Nilikuwa nikilipiga debe mkila, mkicheza kalongolongo, mkitoka kuoga. Na bingwa alikuwa wewe. Huwezi kuamini jinsi ulivyokuwa ukianguka, kama mtu amekata kamba. Mwiko haujainuka mara ya pili tayari uko chini, kimya. Akina mama wa jirani walinicheka mwanzoni, baadaye wakaleta watoto wao. Hakuna aliyesema ni wa nini. Sote tulijua.

Halafu kile kituko cha kanisani, benchi la nyuma lilipoanguka, pwaa! Wewe na Nafula mkalala chini katikati ya njia, mikono kichwani. Katekista akasimamisha mahubiri akasema waumini watazame watoto hawa wanavyojua kunyenyekea mbele za Mungu. Mimi nimeinamisha kichwa, sijui nicheke au nilie, na siwezi kusema "inuka" katikati ya kanisa. Mkabaki hapo mpaka sala ya mwisho. Watu wakawa wanawaruka kwenda kutoa sadaka.

Lakini kuna ile siku nyingine, na hiyo siicheki. Mlikuwa mmeenda kuokota kuni upande wa mtoni, na risasi zikalia kwenye mikahawa. Nilikuwa fakitori ya kahawa. Siwezi kukuandikia jinsi nilivyokuwa. Nyapara alitufungia ndani mpaka kukatulia. Baba yako ndiye aliyewapata kwanza, mmelala kwenye mtaro, vichwa vimefunikwa. Akawaambia inukeni, ni mimi. Hamkuinuka. Akasema tena kwa ukali. Hakuna. Alidhani mmekufa, mwanamume yule mwenye miguu ya kusimama alikaa chini akaanza kulia kama mtoto. Nilipofika nikasema lile neno langu, na nyote wawili mkainuka mara moja, mkaniuliza nani ameshinda. Nafula alikuwa amelala juu ya siafu. Mwili wote umevimba, na hakutikisika.

Nilimpa sukari guru yote iliyokuwa nyumbani. Baba yako mpaka leo hasemi habari ya siku ile. Lakini tangu hapo, akisema mieleka ndiyo michezo, mimi namtazama tu. Yeye hajui mchezo kama nilioufundisha mimi.

Sasa nifike Thika.

Mwalimu Stefano alipokuja hapa kuniambia una mbio zisizo za kawaida, nilimkatalia. Unajua. Nilimkatalia mara nyingi mpaka akawa akifika, Nafula anasema mami hayupo na mimi niko nyuma ya mlango. Lakini kafyu ilikuwa imeondolewa, majoni wamepungua, na mwalimu yule ana subira ya kuchosha watu. Akasema, "Mama Wekesa, atakuwa anakimbia ndani ya uwanja, kwenye chokaa, watu wote wanaona. Huo ni mchezo, hakuna anayempiga mtu risasi kwa mchezo." Nikamuuliza, "Na tofauti nani anaiona, yule anayekimbia au yule mwenye bunduki?" Akaomba maji ya kunywa. Mwishowe nilikubali kwa sababu ulikuwa umeanza kunyamaza hapa nyumbani, na mtoto anayenyamaza ananitisha.

Kitu kimoja sikumwambia mwalimu. Sikumwambia habari ya debe. Kwanza sikufikiria. Shuleni alikuwa akiwaanzisha kwa filimbi, na filimbi haikukufanya kitu. Nani angejua kwamba kule Thika kwenye mashindano makubwa mbio zinaanzishwa kwa bastola?

Nilikuja na sufuria yangu ya uji, nikasimama kwenye kamba pamoja na watu wa viwandani na watu wa mkonge. Nikaona mmepangwa kwenye mstari wa chokaa, mbio za maili moja, wewe huna viatu, kaptura ya baba yako imekazwa kwa kitambaa. Halafu nikaona yule mzungu wa kofia anatoa kitu mfukoni, ananyanyua mkono juu. Nikajua. Pale pale nikajua kitakachotokea, kabla ya mtu yeyote kwenye uwanja ule. Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Nilishika tu sufuria yangu.

Bastola ikalia. Wenzako wakaondoka. Wewe ukalala chini, uso kwenye nyasi, mikono juu ya kichwa. Ulianguka vizuri sana, Wekesa. Kwa mchezo wangu, ulikuwa umewashinda wote.

Watu walicheka. Mtu mmoja karibu nami akasema, "Haiya, huyo amepigwa kweli!" wakazidi kucheka. Mwalimu Stefano akakimbilia pembeni ya uwanja akikupigia kelele, "Simama! Wekesa, simama!" Hukusimama. Yule mzungu akaja akakuinamia, uso umemwiva, nadhani alifikiri bastola yake ilikuwa na risasi. Na mimi nilijua unangoja nini. Katika watu wote wale, mimi peke yangu nilijua. Ulikuwa unaningoja.

Nikakaa kimya.

Hili ndilo nililoshindwa kukuambia kwa mdomo. Wewe unadhani nilichelewa kwa sababu sikukuona. Nilikuona. Kwanza niliogopa askari waliokuwa pale kwenye kamba. Nikafikiri watauliza, mtoto huyu mbona anaijua bunduki hivi, ametoka nyumba gani, mjomba wake ni nani. Hiyo ilikuwa hofu, na hofu ya miaka ile haiishi kwa sababu kafyu imeondolewa. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi. Nilitaka ulale. Nilisema moyoni, mwache hapo hapo, chini pale ni salama. Watacheka, tutaenda nyumbani, na habari ya mbio itakwisha leo. Nitakuwa na mtoto anayetembea. Nilikupenda vibaya namna hiyo.

Halafu nikaona mguu wako. Mwili wote umetulia kama nilivyokufundisha, lakini kidole gumba cha mguu kilikuwa kinachimba nyasi. Kinachimba, kinachimba. Kilikuwa kimetoa udongo.

Nikaweka sufuria chini. Nikapiga kelele, "Wekesa! Haya, inuka!"

Ukainuka pale pale, kama siku ile ya mtaro. Lakini ukasimama! Ukanigeukia, unanitafuta kwenye watu, kwa sababu katika mchezo wetu ukishainuka kazi imekwisha, unakuja kuchukua sukari guru. Wenzako walikuwa tayari wamefika upande wa pili. Na mimi nikaona lile neno ambalo nilikupiga kwa ajili yake linapanda kooni. Sijui nililitoa vipi. "Kimbia!" nikasema. "Kimbia baba, kimbia!" Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kikuyu, nikasema hata kwa Kibukusu kibovu cha kwa mama mkwe.

Ukageuka ukaenda. Woi! Mimi sijui kueleza mbio. Wanaume wa redio wangekueleza. Najua kwamba kwanza watu waliacha kucheka, halafu wakaanza kupiga makofi, halafu yule aliyesema umepigwa akapanda juu ya sanduku la soda ili akuone. Ulimpita wa mwisho, ukampita mwingine, ukakimbia kama Kamau, mkono mmoja umeinuka kidogo kama unampungia dereva. Nilijishika mdomo. Kisha nikaacha kutazama uwanja, nikawa natazama kando ya kamba. Nilikuwa natafuta askari gani amenyanyua bunduki. Hakuna aliyenyanyua. Askari aliyekuwa karibu nami alikuwa amevua kofia anaipunga, anapiga kelele, "Twende kijana! Twende!"

Ulimaliza wa nne. Wa nne hapewi kitu, hata kitambaa. Lakini huo ndio mchezo mkubwa kuliko yote niliouona, na ndilo jibu la swali lako la pale kwa Mzee Ndegwa. Sisemi zile mbio. Nasema pale ulipoinuka. Lile fahali la baba yako halikuwahi kufanya kitu kama kile.

Sasa, tangu siku ile imekuwaje? Kila mashindano, Thika, Ruiru, hata ile mara moja Nairobi, mama yuko kwenye kamba. Bastola ikilia magoti yako yanakunjika, mimi nasema "Inuka, kimbia!" na wewe unaondoka. Hulali tena mpaka chini, lakini magoti yanakunjika, nimeyaona. Watu wameshazoea, wananiita bastola ya pili. Mzee Ndegwa huniuliza kama nimejaza risasi. Tunacheka. Lakini Wekesa, hujawahi hata mara moja kuanza mbio za bastola bila sauti yangu. Na Nakuru sitakuwapo.

Mwalimu Stefano aliliona hili mapema. Alinishauri nipige debe hapa nyumbani, nikae kimya, uzoee kuondoka mwenyewe. Nilimwambia nitafanya. Sikufanya. Nilimwambia debe limetoboka. Kwa nini sikufanya? Sababu moja nzuri na moja mbaya. Nzuri ni kwamba nikikuondolea mchezo wangu, na siku moja ukawa barabarani, na bunduki ikalia ya kweli, miguu yako itafanya nini? Wao wamekufundisha mlio ni wa kukimbia. Mimi nimekufundisha mlio ni wa kulala. Nikiwaachia wao washinde, nitakuwa nimemrudisha Kamau barabarani kwa mikono yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo inayonigeuza kitandani kila usiku. Na ile mbaya ni kwamba nilipenda kuitwa bastola ya pili. Nilipenda kwamba huwezi kuondoka bila mimi. Mtu anaweza kujidanganya kwamba analinda, kumbe amefunga.

Nimefikiria sana nikichuma kahawa. Nimeona kosa langu liko wapi. Nilikufundisha kwa masikio tu. Wakati ule hakukuwa na nafasi ya kutazama, ulikuwa mtoto, nisingeweza kukuambia pima kwanza. Sasa una macho ya mtu mzima. Kwa hiyo nakupa mchezo wangu tena, na nimeongeza kitu. Mlio ukilia, kabla ya magoti kukunjika, tazama mkono wa mwenye bunduki. Mkono unaotazama mbinguni, kimbia. Mkono unaotazama watu, lala, na usiinuke haraka, hata wakikucheka. Ni hayo tu. Usiniambie nakutia haya mbele ya wenzako. Fanya.

Vile viatu vya mbio vya misumari walivyokutumia kutoka Nakuru nimevitazama. Nilipoviona mara ya kwanza nilivitupa chini ya kitanda, vilinikumbusha ile miti iliyochongwa ncha kwenye mahandaki waliyozungushia vijiji vyetu siku zile. Baba yako akacheka, akasema ni vya kushika udongo tu. Leo nimevipaka mafuta. Viko juu, kwenye sanduku lako.

Baba yako hajui kuandika barua ndefu, kwa hiyo naandika na lake. Amesema uniambie, yaani nikuambie, kwamba mbio si mchezo na hajabadilisha mawazo. Lakini jana nilimkuta nyuma ya fakitori akiwaambia Waluhya wenzake kwamba kijana wake ana mapafu ya kwao, na kwamba Nakuru watajuta kutomwita mapema. Akaniona, akajifanya anakagua mashine.

Jua limeshuka, Nafula ananiita nipike. Nisikilize sasa.

Barua hii nitaiweka chini ya sahani yako. Isome leo, usiipeleke Nakuru ukaisome kwenye treni. Kesho asubuhi, sanduku likishatolewa nje na baba yako ametangulia nalo stesheni, simama hapo kwenye uwanja wa laini, pale mlipokuwa mkicheza. Mimi nitatoka na debe. Halikutoboka kamwe. Nitalipiga mara moja, kwa nguvu zangu zote, na majirani watatoka, na watoto wadogo wa siku hizi ambao hawaujui mchezo watashangaa. Baada ya hapo sitasema neno. Nitakaza mdomo hata ikibidi niume khanga. Ukilala chini nitakuacha hapo ulale, na treni itaondoka bila wewe, na nakuonya, ule moyo wangu mbaya utafurahi.

Kwa hiyo usinisubiri. Neno lako nimeshalisema, naliandika hapa kwa mkono wangu ili lisiwe tena mdomoni mwangu, liwe kwako.

Haya, inuka.

Mama yako,
Wanjiru